Namba haivuki ng'ambo: dhana potofu za aljebra

Baada ya Magharibi huwa nakaa barazani hapa Lamu nikiwasomesha hesabu watoto wa mtaani. Juzi mmoja aliniletea daftari limeandikwa 3x = 12, na chini yake: x = 12 − 3 = 9.

"Imekuwaje 9?"

"Mwalimu, ile 3 nimeihamisha ng'ambo, nikaibadilisha alama."

Hiyo ndiyo dhana ya kwanza, na nyingine nyingi ni watoto wake: kwamba namba hupanda mashua, ikavuka alama ya sawasawa, ikashuka imegeuka. Ukweli ni kwamba hakuna kinachovuka. Mlinganyo unasema vitu viwili vina thamani moja, basi ukimtendea mmoja jambo, mtendee na mwenziwe lilo hilo. Katika x + 3 = 12 tunatoa 3 pande zote mbili, x inabaki 9. Katika 3x = 12 ile 3 inazidisha, kwa hiyo tunagawanya kwa 3 pande zote mbili, x ni 4. Mtoto yule alijua kutoa vizuri sana, ila alitumia dawa ya ugonjwa mwingine. Nikamwambia airudishe 9 yake pale mwanzo. Tatu mara tisa, 27. Akacheka mwenyewe, akafuta.

Jina lenyewe latueleza. Aljebra imetokana na al-jabr, neno lililomo katika jina la kitabu alichoandika mwanahesabu al-Khwarizmi huko Baghdad mnamo mwaka 820. Jabr ni kuunga kilichovunjika, hata mfupa. Neno lililofuatana nalo ni al-muqabala. Nasi tukielekezana nyumba husemaje? "Iko mkabala na msikiti." Ni ukoo mmoja wa maneno: vitu viwili vinavyotazamana, si kimoja kumrukia mwenziwe.

Dhana nyingine: "Kinachotafutwa ni x." Al-Khwarizmi hakuwa na x. Aliandika hesabu zote kwa maneno, na kisichojulikana akakiita kitu tu. Hata alama ya = ilingoja mpaka 1557, alipoitumia Robert Recorde wa Wales. Herufi ya kutafuta unaichagua mwenyewe, kulingana na unachotaka kujua.

Tuchukue mashua inayovusha simiti kutoka Mokowe, upande wa bara. Tuseme mzigo wake usizidi kilo 1,400, mfuko ni kilo 50, na kila abiria tumhesabu kilo 70. Mifuko tuiite s, abiria a, na ≤ isomeke "isizidi":

50s + 70a ≤ 1,400

Mwenye simiti anataka s. Anatoa 70a pande zote, anagawanya kwa 50: s ≤ 28 − 1.4a. Wakipanda watu 5, mifuko isizidi 21. Nahodha naye, ambaye mifuko 21 imeshapakiwa, anataka a. Sentensi ni ile ile, maswali mawili.

Sasa hapa ndipo penye kuzamisha watu. Mwanafunzi mmoja alianza kwa kutoa 1,400 na 70a pande zote, akapata 50s − 1,400 ≤ −70a. Sawa kabisa. Kisha akagawanya kwa −70, alama akaiacha ilivyo: 20 − 5s/7 ≤ a. Weka mifuko 21 usome jibu lake: abiria wasipungue watano! Yaani wanane ruhusa, hamsini ruhusa. Wanane tu, pamoja na simiti ile, ni kilo 1,610.

Ukizidisha au kugawanya kwa namba hasi, alama ≤ hugeuka ikawa ≥. Sababu yake ni ya dukani: 2 ni ndogo kuliko 5, lakini anayedaiwa shilingi 2 ana afadhali kuliko anayedaiwa 5, kwa hiyo −2 ni kubwa kuliko −5. Wengine wakishafunzwa hivyo huigeuza kila waonapo hasi, nalo ni kosa. 2x < −6 inatoa x < −3, bila kugeuza chochote, maana tumegawanya kwa 2. Kujumlisha na kutoa pia hakugeuzi.

"Herufi ikiwa pande zote mbili, igawanye ife." Katika x² = 5x ukigawanya kwa x unapata 5, na 0 umeitupa baharini, ilhali nayo ni jibu.

Dhana potofu ya mwisho: "Jibu likija na desimali, lipeleke kwenye namba nzima iliyo karibu." Turudi kwenye mashua. Wakipanda watu 3, s ≤ 23.8. Iliyo karibu ni 24, na mwenye simiti ataishangilia. Mifuko 24 ni kilo 1,200, watu watatu kilo 210, jumla 1,410. Mfuko wa 24 usubiri safari ya pili.