Kumezwa na seli si kuvuka utando

Juzi nimeletewa rasimu nyingine ya makala kuhusu nanochembe, yaani vichembe vidogo mno vya kubebea dawa, niipitie, na ukurasa wa pili nikakutana na sentensi ileile: "nanochembe zilipewa mpako wenye chaji chanya ili zipenye utando wa seli." Ushahidi ni picha ya seli zenye vidoa vya kijani, mng'ao wa rangi iliyotiwa kwenye chembe. Nimeisahihisha sentensi hii kwa wanafunzi, kwa wenzangu, hata kwa watu walionitangulia kazini. Nimechoka kuiandikia pembezoni mwa karatasi.

Hakuna anayebisha kwamba uso wa seli una chaji hasi, hasa ile minyororo ya sukari yenye salfati, wala kwamba chembe yenye chaji chanya hunata hapo upesi. Lakini kunata si kupenya. Tabaka mbili za lipidi zinazounda utando zina jumla ya unene wa nanomita 4 hadi 5, na katikati yake ni mafuta matupu. Chembe ya nanomita 50 iliyojaa chaji haiwezi kuteleza humo. Utando ndio unaobonyea, unaifunika, kisha unajikata na kuwa kifuko ndani ya seli. Yaani endosaitosi. Sasa tazama chembe ilipo: kati yake na saitoplazimu, yale majimaji ya ndani ya seli, umesimama utando uleule ulioifunika. Imeingia ndani ya seli na haijavuka kitu. Kama imebeba RNA, RNA hiyo haina kazi yoyote humo, na safari ya kawaida ya kifuko inaishia kwenye lisosomu, mahali pa kumeng'enywa.

Zipo zinazovuka kwa nguvu. Dendrima, yaani molekuli zenye matawi mengi kama mti, zikiwa kubwa na zenye chaji chanya nyingi hutoboa utando, na hapo chaji imefanya kazi kweli, ila seli iliyotobolewa hivyo huwa inaelekea kufa. Huo si usafirishaji wa dawa.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba mfano mashuhuri wa kupenya bila kujeruhi ni wa chaji hasi! Mwaka 2008 kundi la mtafiti Francesco Stellacci lilionyesha chembe ndogo sana za dhahabu, zilizovikwa molekuli zenye chaji hasi zikichanganywa na zinazokimbia maji, zikiingia saitoplazimu hata kwenye nyuzi 4, joto ambalo endosaitosi husimama. Wao walisema siri ni mpangilio wa mistari juu ya chembe. Wengine wakabisha kwamba mistari yenyewe haipo, na ubishi ukawa mrefu. Kwangu mimi somo linabaki: molekuli za mpako zilivyochanganywa zinaweza kuamua zaidi kuliko alama ya chaji.

Halafu, mpako upi? Ukiiweka chembe kwenye seramu, ule umajimaji wa damu usio na seli, protini huufunika uso wake mara moja, na ile chaji uliyoipima kwenye maji safi ya chumvi imekwisha badilika. Mwaka 2013 ilionyeshwa kwamba chembe zilizopachikwa transferini, protini ya damu inayobeba chuma, zilipoteza uwezo wa kutambua kipokezi chake baada ya kufunikwa na protini za seramu. Mpako wa PEG, polima isiyo na chaji inayopenda maji, hupunguza unataji huo, lakini hupunguza na kumezwa pia. Wakati mwingine protini zinasaidia: patisirani, dawa ya RNA iliyofungwa ndani ya chembe za lipidi na kuidhinishwa Marekani mwaka 2018, hufika kwenye seli za ini kwa sababu apolipoprotini E ya damuni hunata kwenye chembe, na seli za ini zina vipokezi vyake. Tena lipidi yake kuu haina chaji damuni. Huipata baadaye, ndani ya kifuko chenye asidi. Chaji chanya inahitajika wakati wa kutoka.

Na inatokaje? Kuhusu PEI, polima yenye chaji chanya nyingi inayotumiwa kubebea jeni, tulifundishwa kwamba hufyonza protoni hadi kifuko kinavimba na kupasuka. Nimeyafundisha hayo kwa miaka. Lakini waliopima asidi ya lisosomu zenye PEI hawakuiona ikibadilika, kwa hiyo siku hizi nayataja kama dhana tu. Hata chembe za lipidi, kipimo cha 2013 kilikadiria kwamba ni asilimia 1 hadi 2 tu ya RNA ndiyo iliyofika saitoplazimu.

Turudi kwenye vidoa vya kijani. Chembe zilizo huru katika saitoplazimu nazo zingeonekana kama vidoa, kwa hiyo picha hiyo haithibitishi upande wowote mpaka lisosomu nazo zipakwe rangi. Huenda vingine vimenata nje tu. Tripani buluu, rangi isiyoingia seli hai, ingezima mng'ao wa hivyo vya nje. Na huenda si chembe kabisa, ni rangi iliyovuja, kwani rangi ndogo zenye asili ya mafuta huvuka utando zenyewe. Nilipoteza miezi kadhaa kwa rangi ya namna hiyo kabla ya kupima uvujaji.

Rasimu nimeirudisha. Nimeomba waongeze galektini yenye mng'ao, protini inayoelea saitoplazimu na kukimbilia kifuko kinapopasuka. Isipojikusanya popote, sentensi ile ifutwe, na neno "kumezwa" liandikwe mahali pa "kupenya".