Pumu ya mtoto: maswali ambayo wazazi huuliza

Mwanangu hukohoa usiku tu, mchana hana shida. Inaweza kuwa pumu?
Inaweza. Kikohozi cha usiku au alfajiri kinachorudi kila mara, kifua kulia filimbi, kuishiwa pumzi akikimbia au akicheka sana: mpeleke akapimwe. Kwa aliye chini ya miaka 5, daktari naye huenda akahitaji muda kabla ya kuthibitisha.

Mbona tumepewa inhela mbili?
Inhela ni kifaa cha kuvuta dawa kwa mdomo hadi kifuani, na kila moja ina kazi yake. Mwenye pumu njia zake za hewa huvimba kwa ndani hata siku anazoruka na kucheza. Inhela ya kinga, yenye steroidi kidogo, hutuliza uvimbe huo polepole, ndiyo maana hutumiwa kila siku. Ya dharura, kwa kawaida salbutamoli, hulegeza misuli iliyobana ndani ya dakika chache, lakini uvimbe haiugusi. Wazazi wengi huacha ya kinga mtoto akipata nafuu, kisha wanashangaa ya dharura inaisha upesi. Ukiihitaji zaidi ya mara 2 kwa wiki, pumu haijadhibitiwa, rudini kliniki. Na baada ya steroidi asukutue mdomo, asipate fangasi.

Haitamzoesha?
Hapana. Inhela hazina uraibu.

Nitajuaje kwamba shambulio ni kali?
Mvue shati umtazame. Nyama kati ya mbavu na chini ya koo huvutwa ndani kila anapovuta hewa, na pua hutanuka. Muulize kitu: akijibu neno mojamoja huku akitafuta pumzi, ni kali. Mchanga atashindwa kunyonya. Midomo au ulimi kuwa na rangi ya buluu, au mtoto kulegea na kusinzia, ni hatari kubwa. Kinachowadanganya wengi ni ukimya. Filimbi ikinyamaza na mtoto bado anahangaika, ujue hewa karibu haipiti tena. Hiyo si nafuu, kimbia naye hospitali.

Nifanye nini palepale?
Mkalishe wima, usimlaze. Tikisa inhela ya dharura, ipachike kwenye spesa (chombo cha plastiki ambacho mtoto hupumulia dawa), bonyeza mara 1, avute na kutoa pumzi mara 4 hadi 6. Rudia mpaka utimize mibonyezo 4, kisha subiri dakika 4. Kama hakuna nafuu, mpe tena 4 huku mkiondoka kwenda hospitali. Ukiona dalili za shambulio kali usisubiri hizo dakika. Ondokeni, aendelee kupewa njiani. Sharubati ya kikohozi haisaidii hapa, wala kujifukiza.

Hatuna spesa.
Chupa safi ya plastiki ya nusu lita inafaa. Toboa kitako, tundu lishike barabara mdomo wa inhela, naye apumulie kwenye mdomo wa chupa. Ioshe kwa maji ya sabuni, uiache ikauke yenyewe. Usiifute kwa kitambaa: msuguano huipa plastiki umeme tuli, dawa ikanata kwenye chupa badala ya kufika kifuani.