Nukta mbili chini ya herufi: barua pepe bandia na akaunti ya sarafu za kidijitali

Mwezi uliopita mfanyabiashara mmoja wa vipuri vya magari, mwenye duka Kariakoo, alinikabidhi simu yake na kuniuliza kama barua pepe aliyoipokea ilikuwa ya kweli. Ilidai kwamba kuna mtu amejaribu kutoa USDT, sarafu ya kidijitali inayofuata thamani ya dola, kwenye akaunti yake, na kwamba asipothibitisha ndani ya dakika 30 akaunti itafungwa. Nembo ilikuwa sahihi, na jina la mtumaji lilikuwa la soko la sarafu za kidijitali analolitumia. Nilipoligusa jina hilo, anwani iliyojificha nyuma yake ikajitokeza, nayo haikuhusiana na soko hilo hata kidogo.

Jina la mtumaji hujiandikia mtumaji mwenyewe, kwa hiyo halithibitishi lolote. Anwani ya kiungo nayo isomwe kuanzia mwisho: katika jinalasoko.com.hakiki-sasa.net, mwenye tovuti ni yule aliyesajili hakiki-sasa.net, na yanayotangulia ni mapambo tu. Hata hivyo, macho yana kikomo chake. Wezi waliowashambulia wateja wa Binance, mojawapo ya masoko hayo, mwaka 2018 walitumia anwani iliyotofautiana na ile halisi kwa nukta mbili tu, zilizowekwa chini ya herufi mbili. Kwa nywila walizonasa walitengeneza funguo za API, yaani ruhusa za programu kununua na kuuza kwa niaba ya mwenye akaunti, wakazitunza kimya hadi tarehe 7 Machi, walipozitumia zote katika muda wa dakika mbili.

Ndiyo maana siwafundishi wateja wangu ubingwa wa kutambua barua bandia. Nawaambia wasiingie kwenye akaunti kupitia barua pepe yoyote, hata iliyo ya kweli. Wafungue programu ya soko wenyewe, kwa kuwa onyo la kweli kwa kawaida watalikuta humo.

Wengi hunijibu kwamba wanalindwa na msimbo wa tarakimu 6 unaotolewa na programu ya uthibitishaji kwenye simu. Msimbo huo hubadilika kila sekunde 30, lakini tapeli hahitaji hata nusu ya muda huo: unapouandika kwenye tovuti yake, mtambo wake unauingiza papo hapo kwenye tovuti halisi. Msimbo wa SMS ni dhaifu zaidi, maana laini yenyewe huweza kuhamishiwa kadi ya mtu mwingine. Kinachostahimili ni ufunguo wa siri unaohifadhiwa ndani ya simu na kufunguliwa kwa alama ya kidole, kwa sababu umefungwa kwenye anwani halisi ya soko. Mbele ya tovuti bandia simu haioni ufunguo wowote wa kutoa, hata kama mwenye simu ameshadanganyika. Kwa nyongeza, washa, ndani ya akaunti yako, orodha ya anwani za pochi za kidijitali zinazoruhusiwa kupokea fedha, kwani muamala wa Bitcoin ukishathibitishwa hakuna huduma kwa wateja ya kuurudisha.

Tukirudi kwa yule bwana, alikiri baadaye, kwa aibu, kwamba jana yake alikuwa ameshaandika nywila na msimbo. Fedha zilikuwepo bado, kwa sababu orodha hiyo aliiwasha zamani na kuisahau. Tulifuta ufunguo mmoja wa API asioutambua, kisha tukafungua barua pepe yake, iliyotumia nywila ile ile. Humo tulikuta kichujio ambacho hakukiweka yeye, kinachotupa kwenye takataka kila ujumbe halisi wa soko lake.