Je, wajua kwa nini vitamini E inaweza kumtoa damu mtu anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda?

Shangazi yangu wa Langoni, Lamu, hupiga mswaki wa mti kila alfajiri kabla ya kutia udhu. Mwaka jana mswaki ndio uliotoa habari kwanza: nyuzi zake zilikuwa nyekundu. Siku chache baadaye mkono wake, pale anapotundika kikapu akitoka sokoni, ukawa umevilia damu, rangi ya zambarau iliyopondwa. Hakuanguka, wala hakubanwa na punda kichochoroni.

Shangazi ana vali ya moyo ya bandia, yaani kilango cha kupitishia damu ndani ya moyo. Ile aliyozaliwa nayo iliharibiwa na homa ya baridi yabisi tangu utotoni. Ukikaa naye chumba kikiwa kimya, utaisikia hii mpya ikigonga kama saa ya mkono. Mwenye vali hiyo humeza warfarini maisha yake yote, ili damu isigande juu yake na donge likapanda ubongoni. Dawa yake haikosi hata siku moja. Kigeni nyumbani kilikuwa kichupa cha vitamini E alicholetewa na mwanawe kutoka Jeddah, cha kulainisha ngozi na kuongeza nguvu. Nilipomwuliza kama daktari anajua, alinitazama kwa mshangao. "Kwani hiyo ni dawa, mwanangu? Si vitamini tu?"

Swali lake ni la haki, na wengi tungeuliza vivyo hivyo. Vitamini E ni antioksidanti, yaani hukinga mafuta yaliyomo katika kuta za chembe za mwili yasiharibike, kama yanavyoharibika mafuta ya kupikia yaliyoachwa wazi juani yakaanza kunuka. Iligunduliwa mwaka 1922 huko California na Herbert Evans na Katharine Bishop, walipoona kwamba panya wanaoikosa hushindwa kufikisha mimba. Mwili unaihitaji kweli. Mtu mzima anatosheka na miligramu 15 kwa siku, na karanga, mafuta ya alizeti na parachichi huchangia sehemu nzuri ya kiasi hicho.

Sasa soma kichupa. Kidonge cha kawaida huandikwa IU 400; IU ni kizio cha kimataifa cha kupimia vitamini. Ikiwa ni vitamini ya kutengenezwa kiwandani, hizo ni miligramu 180. Ikiwa ya asili, 268. Kwa hiyo kila asubuhi shangazi alikuwa akimeza mahitaji ya siku 12 hadi karibu 18 kwa funda moja la maji. Kwa kiasi hicho, kitu kile kile cha kwenye karanga huanza kufanya kazi nyingine.

Kazi hiyo iko kwenye damu. Ini hutengeneza protini za kugandisha damu, na nne kati yake haziwezi kukamilika bila vitamini K. Warfarini huuzuia mwili kuitumia tena vitamini K iliyokwisha kufanya kazi, na ndiyo maana damu huchelewa kuganda. Ni dawa nzito: ilianza kuuzwa mwaka 1948 kama sumu ya panya, ndipo mwaka 1954 ikaruhusiwa kwa binadamu, kwa vipimo vinavyochungwa. Vitamini E ikizidi nayo huipinga vitamini K, na zaidi ya hapo hupunguza kunata kwa zile chembe ndogo zinazokimbilia kuziba jeraha. Mbili hizi zikikutana huvuta upande mmoja. Mtu mwenye afya, asiyetumia dawa ya kuzuia damu kuganda, huenda asione chochote. Mwenye kumeza warfarini, au hata aspirini ya kila siku, yuko karibu na ukingo.

Shangazi alivuka kwa boti hadi Mokowe, akapanda basi hadi Mombasa, akapimwa INR, kipimo cha muda ambao damu huchukua kuganda. Kwa vali kama yake madaktari hupenda kati ya 2.5 na 3.5. Yake ilikuwa 5.8. Vitamini ilisimamishwa siku ile ile, na dawa ikapunguzwa kwa muda. Kipimo hakikushuka upesi, kwani vitamini E huyeyuka kwenye mafuta na mwili huiweka akiba.

Kuna jambo jingine linaloniuma, kwa sababu vichupa hivi huuzwa kama kinga ya kila kitu. Utafiti mkubwa wa Marekani uliwapa maelfu ya wanaume IU 400 kila siku, kwa matumaini kwamba ingezuia saratani ya tezi dume. Ulisimamishwa mwaka 2008 bila faida kuonekana, na matokeo ya mwaka 2011 yakaonyesha kwamba waliomeza vitamini E peke yake walipata saratani hiyo kwa asilimia 17 zaidi ya waliopewa vidonge vitupu. Na aliye katika matibabu ya saratani, au anayengoja upasuaji, hata wa kung'oa jino, amtajie daktari kila kidonge anachomeza.

Mboga shangazi hakukatazwa. Mchicha na kisamvu vina vitamini K nyingi, kwa hiyo aliambiwa ale kiasi kile kile wiki hadi wiki, asiache ghafla wala asizidishe ghafla. Siku ya kliniki sasa hufunga kila kitu ndani ya leso: warfarini, kile kichupa cha Jeddah, hata habasoda yake, akavimwaga mezani mbele ya daktari kabla hajaulizwa neno.