Zao la nishati likikosa mvua: kupona si kuzaa

Mkulima wa Karamoja au Teso, nchini Uganda, anayeshawishiwa kupanda zao la kutengenezea ethanoli au dizeli huambiwa mara moja kwamba zao hilo linavumilia ukame. Namwomba aulize zaidi: mvua ikikatika, litabaki hai tu au litazaa?

Mbono kaburi (jatropha), ambao mbegu zake hutoa mafuta ya dizeli, unatosha kutuonya. Kiangazi kikikaza hupukutisha majani, huishi kwa maji yaliyo kwenye shina lake nene, kisha huchipua mvua ikirudi. Miaka ya 2000 ulisifiwa sana Afrika Mashariki, ukapandwa hata kwenye ardhi kame. Miti ilipona kweli, ila mbegu zikawa haba. Mbono uliopukutisha majani hautengenezi chakula cha kutosha, basi mafuta ya kujaza mbegu yatoke wapi?

Mimi nautetea mtama. Ingia shambani saa saba mchana jua likiwaka: majani yamejikunja kama mkeka, yasipigwe na jua lote. Pitisha kidole gumba pale jani linapokumbatia shina, kitatoka na unga mweupe. Hiyo ni nta, nayo huzuia maji kupotea. Chini ya udongo mizizi hushuka hadi mita 1.5 au zaidi. Tena mtama huweza kusimamisha ukuaji na kuendelea mvua ikirudi. Mahindi yakikosa maji yanapotoa mbelewele, hasara hiyo hairudi.

Ipo pia mitama ambayo majani yake hubaki mabichi hata ukame ukiingia baada ya kuchanua. Mbegu moja ambayo watafiti wameitegemea sana kupata sifa hiyo asili yake ni Ethiopia. Kwa mtama mtamu, ambao shina lake hukamuliwa kama la muwa ili kutengeneza ethanoli, sifa hii ina thamani kubwa, kwa kuwa shina halidhoofu wala halianguki kirahisi.

Miwa, ambayo makapi yake huzalisha umeme kwenye kiwanda cha sukari cha Kakira, huumia zaidi ikikosa maji inapochipua na kurefuka. Ukavu kiasi karibu na mavuno huongeza sukari, ndiyo maana wanaomwagilia hukata maji wiki kadhaa kabla ya kuvuna.

Kwa hiyo, kabla ya kulipia mbegu, uliza huchanua baada ya siku ngapi, ulinganishe na mvua za kwenu: Karamoja ina msimu mmoja, Teso miwili. Wataalamu wa kituo cha utafiti cha Serere wanaufahamu mtama vizuri. Waulize mbegu hiyo ilizaa kiasi gani mwaka wa ukame; mavuno ya mwaka mzuri yasikutoshe.