Nyuma ikipiga, usikimbilie kulegeza springi

Mwezi uliopita kijana mmoja alishusha motokrosi yake ya cc 250, pikipiki ya mbio za kuruka matuta, kutoka kwenye pikapu mbele ya gereji yangu. Salamu hazijaisha akaanza: "Fundi, legeza hiyo springi ya nyuma. Inanirusha kama punda." Nikamwambia avae buti, kofia na mavazi yote ya mbio, apande. Alipokaa, nyuma ilizama mpaka nikaihurumia pikipiki.

Lalamiko hili nalisikia kila mara, na mara nyingi dawa anayoitaka mwenye pikipiki ndiyo itakayomzidishia ugonjwa. Kuona kwa nini, inabidi tuingie chini ya siti.

Bodaboda ya kawaida ina shokapu mbili, moja kila upande, zimesimama karibu na ekseli. Tairi likipanda, shokapu nazo zinabonyea karibu kiasi hicho hicho. Kwa abiria wawili na gunia la mkaa inatosha, na hata fundi wa chini ya mwembe anaibadilisha. Pikipiki za porini nazo zilikuwa hivyo hivyo, mpaka Mbelgiji Lucien Tilkens alipobuni mpangilio wa shokapu moja ndefu iliyolala chini ya tangi. Yamaha wakauchukua, na mwaka 1973 Msweden Håkan Andersson akatwaa nao ubingwa wa dunia wa cc 250. Waliokulia vijijini wameuona bila kujua: zile DT 125 za mabwana shamba zilikuwa na shokapu ya namna hiyo.

Miaka ya 1980 ilipoanza, Kawasaki, Honda na Suzuki wakaja na kitu kingine, kila mmoja na jina lake: Uni-Trak, Pro-Link, Full Floater. Shokapu ikasimamishwa nyuma ya injini, na chini yake kukawekwa kipande cha pembetatu na fimbo fupi vinavyoifunganisha na fremu na mkono wa nyuma, ule unaoshika tairi. Mimi naviita viungo. (KTM kwenye enduro zao nyingi, pikipiki za mbio ndefu za porini, wameviacha, shokapu inafungwa moja kwa moja kwenye mkono. Hiyo ni habari ya siku nyingine.)

Utamu wote uko kwenye viungo hivyo. Tairi la nyuma la motokrosi lina safari, yaani nafasi ya kupanda na kushuka, ya milimita 300 hivi, lakini shokapu yenyewe inabonyea kama 130 tu. Na haibonyei kwa kipimo kimoja. Mwanzoni tairi likipanda milimita 3, shokapu inaingia karibu 1. Likielekea mwisho wa safari, tairi likipanda 2 tu, shokapu imeshaingia 1. Springi ni ile ile, ila huko mwishoni inabanwa haraka zaidi, na oili ndani inasukumwa kwa kasi zaidi. Kwa hiyo mwanzo wa safari ni laini kwa ajili ya mawe na mizizi, mwisho wake ni mgumu kwa ajili ya kutua baada ya kuruka.

Sasa mrudie kijana wetu. Nilipima kwa tepu kutoka ekseli mpaka alama niliyoweka kwenye madigadi, juu yake moja kwa moja. Pikipiki ikiwa kwenye stendi, tairi linaning'inia: milimita 612. Yeye akiwa juu yake: 474. Amezama milimita 138 kabla hajawasha injini! Kawaida tunataka 100 hadi 105, yaani theluthi ya safari. Yeye alikuwa anaanzia karibu katikati, kila jiwe dogo linamkuta kwenye ile sehemu ngumu. Springi yake ilikuwa laini mno, ndiyo maana aliiona ngumu. Ningeilegeza kama alivyotaka, angezama zaidi na kupigwa zaidi.

Basi nikaze nati ya springi? Nilikaza, raundi zaidi ya kumi, maana raundi moja inarudisha kama milimita 3. Nikafika 105. Wengi wanaishia hapo, na hapo ndipo wanapokosea. Nikamwambia ashuke, nikapima pikipiki ikiwa imesimama peke yake bila mtu: imezama milimita 12 tu. Inatakiwa 30 hadi 40. Kipimo hicho cha pili ndicho kinachotoa siri: springi imebanwa sana ili imbebe mtu ambaye si saizi yake. Akishuka, inasimama wima kama mlingoti, na akifunga breki, nyuma inaruka juu.

"Una kilo ngapi?" "Themanini, fundi." Mficha uchi hazai. Tulienda kwenye mzani wa duka la nafaka la jirani, ukasema 92, bila buti. Springi yake imeandikwa 48, yaani niutoni 48 kwa kila milimita. Tukafunga ya 54, ngumu zaidi, tukapima upya: 104 akiwa juu, 36 akiwa chini.

Springi hata hivyo inahifadhi nguvu tu, kisha inairudisha. Anayeila nguvu hiyo ni oili, ikipenya kwenye matundu ya pistoni yaliyofunikwa na vibati vyembamba vya chuma, na kuigeuza joto. Ukiigusa shokapu baada ya mbio itakuunguza. Skrubu ya chini kabisa ya shokapu ndiyo inayopanga kasi ya kurudi. Ukiifunga mno, tairi halijarudi chini na tuta la pili limeshafika. Baada ya matuta matano uko tena kule kwenye ugumu, na utalaumu springi bure. Fungua kliki mbili, uende ukajaribu.

Kile kichupa cha pembeni ya shokapu kina gesi ya nitrojeni, kama bar 10, inayozuia oili isifanye povu. Usikifungue kwa spana nyumbani, na usikubali mtu akujazie upepo wa kompresa ya matairi, maana upepo huo una unyevu.

Nilipokuwa nimeshashusha shokapu nikafungua na viungo. Beringi za sindano zilitoka nyekundu kwa kutu, moja ilikuwa haizunguki kabisa. Anaosha kwa mashine ya presha kila Jumapili, maji yanaipita sili na kusukuma grisi nje. Beringi iliyokwama nayo inaitwa "shokapu ngumu".

Jumamosi iliyofuata akarudi. Nyuma imetulia, anasema, sasa mbele ndiko kunakompiga mikono. Nilitegemea. Nyuma imenyanyuka zaidi ya sentimita 3, uzito umesogea mbele, na springi za mbele bado ni za mtu mwepesi. Nikachukua tepu tena.