Daftari la Caz

Katika wimbo wa "Rapper's Delight" wa kundi la Sugarhill Gang kuna mahali ambapo huwa nausimamisha kila ninapokaa na wasanii kuzungumza habari za mikataba. Ni pale Big Bank Hank, mmoja wa kundi hilo, anapojitambulisha. Anataja jina herufi moja moja, na ukiziunga zile herufi hupati Hank. Unapata Casanova Fly. Hilo ni jina la kijana mwingine kabisa wa Bronx, New York, yule tunayemjua leo kama Grandmaster Caz. Mistari ilikuwa yake, na Hank aliibeba nzima nzima, hata jina hakulitoa. Ni kama mtu aliyevaa shati la kuazima huku jina la mwenye shati limedariziwa kifuani.

Nikifika hapo chumba hunyamaza. Karibu kila msanii aliyekaa pale amewahi kumwandikia mwenzake mistari kwa ahadi ya "tutaangaliana".

Mkasa wenyewe, kwa jinsi Caz alivyousimulia mara nyingi, ni mfupi. Mwaka 1979 Sylvia Robinson na mumewe Joe walikuwa wakianzisha lebo ya Sugar Hill huko Englewood, New Jersey, ng'ambo ya mto ukitokea New York. Sylvia alikuwa amesikia vijana wakighani juu ya santuri klabuni, akataka kurekodi kitu cha namna ile. Hank alikuwa akifanya kazi katika duka la piza pale Englewood, na kwa upande mwingine alikuwa meneja wa Caz. Akiwa kazini alikuwa akifungulia kanda za vijana wa Bronx na kufuatisha mistari. Akaitwa nje, akajaribiwa ndani ya gari, akachukuliwa. Ila mistari yake mwenyewe hakuwa nayo. Akarudi Bronx, na Caz akamwekea daftari mezani: chagua unachotaka. Caz aliamini mwenzake akipanda, naye atavutwa juu.

Hakuvutwa. Wimbo ulifika nafasi ya 36 kwenye chati kuu ya Marekani na nafasi ya 3 Uingereza, ukauzwa kwa mamilioni, na jina la Caz halikuandikwa popote.

Sasa tazama upande wa pili wa wimbo huohuo. Muziki unaokwenda chini ya maneno ni wa "Good Times" ya kundi la Chic, iliyotoka mwaka huohuo. Haukunakiliwa kutoka kwenye santuri. Wanamuziki waliitwa studio wakaupiga upya. Chip Shearin, aliyepiga besi, alikuwa kijana wa miaka 17, na amesimulia kwamba alitakiwa kurudia mdundo uleule robo saa nzima bila kukosea, akalipwa dola 70. Nile Rodgers na Bernard Edwards wa Chic walipousikia mdundo wao ndani ya wimbo wa watu wengine, walitishia kwenda mahakamani, na haukupita muda majina yao yakaandikwa kuwa watunzi. Walikuwa na mchapishaji wa nyimbo, yaani anayewakusanyia pesa za utunzi, walikuwa na wanasheria, kazi yao ilikuwa imesajiliwa. Haki yao ilikuwa na karatasi.

Caz naye alikuwa na haki, na hili ndilo linaloniuma zaidi kwa sababu wengi hudhani sheria haikumtambua. Ilimtambua. Sheria ya hakimiliki ya Marekani ya mwaka 1976, iliyoanza kutumika Januari 1978, inailinda kazi tangu pale inapoandikwa au kurekodiwa. Kalamu ikigusa daftari, ulinzi umeanza. Lakini ili ufungue kesi lazima kwanza kazi isajiliwe katika Ofisi ya Hakimiliki kule Washington, na ili uisajili lazima mtu akwambie kwamba jambo hilo lipo. Bronx ya mwaka 1979, iliyojaa majengo yaliyoteketea kwa moto, haikuwa na mtu wa kuwaambia vijana habari hizo.

Na tusisahau walikotoka. Sherehe ya Agosti 11, 1973 katika jengo namba 1520 Sedgwick Avenue, ambayo wengi huihesabu kuwa kuzaliwa kwa hip-hop, iliandaliwa na Cindy Campbell ili apate fedha za nguo za shule, na kaka yake, DJ Kool Herc, akapiga santuri. Kiingilio kilikuwa senti 25 kwa wasichana na senti 50 kwa wavulana. Kwa miaka sita hiyo ndiyo pesa waliyoifahamu: pesa ya mlangoni, inahesabiwa usiku uleule, na kila mtu anaondoka na chake mkononi. Mrabaha, yaani fungu la msanii katika kila nakala inayouzwa, ni pesa ya aina nyingine kabisa. Unalipwa baada ya miezi sita, kwa hesabu iliyoandikwa na yuleyule anayekudai au unayemdai, na ambayo huwezi kuihakiki. Kijana aliyezoea kuhesabu noti mlangoni alipoambiwa "asilimia nane", alisikia namba tu.

Naomba unifuate kwenye hesabu, maana hapa ndipo pesa hupotelea bila mtu kupandisha sauti. Huu ni mfano wangu mwenyewe, si wa mkataba wa kundi fulani, ila vifungu vyake vilikuwa vya kawaida Marekani wakati ule. Tuseme santuri inauzwa dukani dola 8, na kundi limeahidiwa asilimia 8. Kwanza inakatwa asilimia 10 ya gharama ya kasha, inabaki dola 7 na senti 20. Halafu kundi linalipwa kwa asilimia 90 tu ya nakala zilizouzwa, kwa madai kwamba nyingine zitavunjika njiani. Kifungu hicho kilitoka enzi za sahani zile za zamani zilizokuwa zikivunjika kama sahani za wali, wakati santuri za miaka ya 1980 zilikuwa za plastiki inayopinda. Zikiuzwa nakala 100,000, kundi linahesabiwa 90,000, yaani dola 51,840. Toa advansi, yaani pesa waliyotangulizwa, ya dola 20,000, toa studio dola 25,000, toa matangazo dola 10,000. Kundi la watu watano limeuza nakala laki moja na linadaiwa dola 3,160. Lebo, ikiwa imeyauzia maduka kwa dola 4 kila nakala, imeingiza dola 400,000.

Soma tena yale makato. Studio na matangazo vyote vimelipwa kutoka kwenye kile kisehemu cha msanii. Na akishamaliza kulipa, rekodi aliyoigharamia haiwi yake, inabaki ya lebo. Ni sawa na kulipa mkopo wa nyumba mpaka senti ya mwisho, kisha benki ikabaki na nyumba.

Njia ya pili ya kupata ni utunzi. Wimbo una haki mbili: ile ya aliyeutunga na ile ya mwenye rekodi, ambayo vijana wetu huiita masta. Pesa ya utunzi haisubiri deni la studio lilipwe, kwa hiyo ndiyo iliyogombewa zaidi. Mwaka 1979 sheria ilitaka mtunzi apate senti 2.75 kwa kila nakala, na kuanzia 1981 ikawa senti 4. Ni kidogo, lakini nakala milioni moja ni dola 40,000. Sugar Hill ilikuwa na lebo, ilikuwa na studio, ilikuwa na kampuni yake ya uchapishaji wa nyimbo, na Sylvia mwenyewe alikuwa prodyuza ambaye jina lake liliingia kwenye orodha ya watunzi. Mlango ukiingia huu, ukitoka ule, unakutana na mtu yuleyule.

DJ ndiye aliyeumia kuliko wote. "The Message" ya mwaka 1982 ilitolewa kwa jina la Grandmaster Flash and the Furious Five, na Flash, DJ wa kundi, hasikiki humo. Wanaoghani ni Melle Mel na Duke Bootee, na watunzi walioandikwa ni hao wawili pamoja na Sylvia Robinson na Jiggs Chase. Jina la Flash ndilo lililouza, kwa sababu mikono yake ndiyo iliyolijenga jina hilo mtaani, akiunganisha vipande vya santuri kwa ustadi ambao haukuwahi kuwapo. Fomu ya utunzi ilikuwa na nafasi ya maneno na nafasi ya melodi. Mikono haikuwa na nafasi. Mwaka 1983 Flash aliishtaki lebo akidai mirabaha, kundi likagawanyika, na mahakamani wakagombea mpaka jina. Master Gee wa Sugarhill Gang naye aliporudi jukwaani miaka mingi baadaye alikuta jina lake la kisanii limesajiliwa kama alama ya biashara na upande wa familia ya Robinson.

Simwoni Sylvia kama shetani. Alikuwa mwanamke mweusi aliyeanza kuimba akiwa binti mdogo, miaka ya 1950, katika biashara ileile iliyowalipa waimbaji kwa ahadi na gari la mkopo. Mabwana wa lebo kubwa walikuwa hawataki hata kusikia habari za rap. Bila yeye santuri ile isingekuwapo. Lakini alijifunza kazi kwa waliomnyonya, na alivyofunzwa ndivyo alivyotenda.

Na hip-hop yenyewe ilikula jasho la wengine. Gregory Coleman, mpiga ngoma wa The Winstons, alipiga sekunde kama sita peke yake katikati ya "Amen, Brother" ya mwaka 1969. Kipande hicho kimechotwa na kuwekwa katika maelfu ya nyimbo. Coleman alifariki mwaka 2006 bila kuona hata senti moja ya mrabaha wake. Mwaka 2015 mashabiki walimchangia kiongozi wa kundi, Richard Spencer, pauni 24,000, na huo ulikuwa mchango wa watu wema. Hakuna aliyelazimishwa na sheria. Mpiga ngoma, kama DJ, hakuwa na nafasi kwenye fomu.

Mikataba hii haikuisha na miaka ya 1980. Kundi la De La Soul walitoa albamu yao ya kwanza mwaka 1989 chini ya lebo ya Tommy Boy. Karatasi za ruhusa ya vipande walivyochota kwenye nyimbo za wengine zilizungumzia santuri na kanda, hazikuzungumzia intaneti, kwa hiyo muziki ulipohamia mtandaoni wao walibaki nje. Mwaka 2019 walisema hadharani kwamba mgawo waliowekewa ulikuwa asilimia 90 kwa lebo na 10 kwao. Katalogi ilipouzwa kwa kampuni nyingine ndipo walipopata makubaliano, na albamu zikaingia mtandaoni Machi 3, 2023. Dave wa kundi hilo, aliyejulikana kama Trugoy, alikuwa amefariki Februari 12. Alikosa siku 19 tu.

Hapa Dar es Salaam mwaka juzi kijana mmoja aliniletea mkataba wa kurasa mbili. Alikuwa ameshausaini. Masta ilikuwa imekwenda "milele, katika ulimwengu wote", na yeye alikuwa amepewa simu mpya. Nilimuuliza kama kuna aliyemsomea. Akasema walimwonyesha pa kuweka saini. Nilifungua kabati nikamwonyesha nakala ya kifungu kama hicho kilichoandikwa New York kabla mama yake hajazaliwa. Maneno yalikuwa karibu yaleyale.

Marekani wana kifungu kimoja ambacho natamani na sisi tungekuwa nacho. Mtunzi aliyetoa haki zake kwa mkataba kuanzia mwaka 1978 anaweza kuzidai zirudi baada ya miaka 35, mradi atoe taarifa kwa wakati na kazi isiwe ya kuajiriwa. Ndiyo maana kesi za wakongwe zinafunguliwa sasa. Oktoba 2024 jopo la raia wanaoamua kesi (jury) katika mahakama ya Florida liliamua kwa upande wa kundi la 2 Live Crew. Mwaka 2025 kundi la Salt-N-Pepa waliishtaki kampuni ya Universal kuhusu masta zao za miaka ya 1980. Lebo hujibu kwamba wasanii walikuwa waajiriwa, hata kama hawakuwahi kupata mshahara, likizo wala bima.

Ila kifungu hicho humrudishia mtu alichokitoa kwa saini yake. Caz hakusaini chochote na Sugar Hill. Dai lake ni la aina nyingine, la kusema "mtunzi ni mimi", na dai hilo lazima lifikishwe mahakamani ndani ya miaka mitatu tangu linapokanwa waziwazi. Lake lilikanwa tangu mwaka 1979, kwenye karatasi ya duara iliyobandikwa katikati ya santuri, penye majina ya watunzi. Hank alifariki Novemba 2014. Caz kwa miaka mingi amekuwa akipanda basi la watalii New York, kipaza sauti mkononi, akiwaonyesha wageni mahali hip-hop ilipozaliwa.